Ndege za kushambulia ardhini kwenye michezo ya vita ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara vifaru vya modeli vinapopangwa mezani na mtu akatoa ndege kwenye mkoba. Majibu yameegemea zaidi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tunakocheza, ila vita vya baadaye navyo vimo. Kanuni ninazopendekeza zinaweza kupachikwa juu ya mfumo wowote unaotumia dadu za pande sita. Zikigongana na kitabu chenu, kubalianeni kabla ya zamu ya kwanza, msingoje ndege iwe tayari angani.

Ndege ya kushambulia ardhini ni ipi hasa?

Ni ile inayoshuka kumsaidia askari aliye kwenye matope. Inapiga mahandaki, misafara, mizinga na vifaru karibu na mstari wa mbele. Zipo zilizozaliwa kwa kazi hiyo, kama Il-2 ya Wasovieti, ambayo injini na rubani wake walikaa ndani ya ganda la chuma, na zikaundwa zaidi ya 36,000. Ipo Ju 87 ya Wajerumani, maarufu kama Stuka, iliyopiga mbizi karibu wima na kuachia bomu. Nyingine ziliangukia kazi hii tu: Typhoon ya Uingereza na P-47 ya Marekani zilibuniwa zipigane na ndege wenzake, zikaishia kubeba mabomu na roketi.

Ndege kubwa za injini nne sizihesabu hapa. Hizo hufanya kazi yake kabla hamjaanza: ondoa nusu ya nyumba, tawanya mashimo ya mabomu, kisha tupeni dadu.

Kwa nini wachezaji wengine hawataki kuona ndege mezani?

Kwa sababu wamepiga hesabu. Chukua meza ya kawaida, sentimita 180 kwa 120, na modeli za skeli ya 1/100. Ukiipima meza hiyo kwa skeli ya modeli zenyewe, urefu wake ni mita 180. Ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa hukata karibu mita 140 kila sekunde, kwa hiyo inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kabla hujamaliza kusema "tazama juu". Hata mkisema sentimita moja ni mita 10 za ardhi, meza nzima inavukwa kwa sekunde kumi na tatu hivi. Askari wa miguu kwa muda huo hajafika kwenye ua wa jirani.

Kimo nacho kina vichekesho vyake. Ndege iliyo mita 300 juu ya ardhi, kwa skeli hiyohiyo ya 1/100, ingepaswa kuning'inia mita tatu juu ya meza. Nyumba nyingi dari halifiki huko.

Wanaolalamika wana haki, basi. Ila kosa nalipeleka kwa namna tunavyoichezesha ndege: tunaipa mwendo wa sentimita kadhaa kwa zamu na kuiacha izunguke juu ya kijiji kama kipanga anayevizia vifaranga. Ndege ya kushambulia si kikosi, ni tukio. Inafika, inapiga, inaondoka, yote ndani ya zamu moja, na kinachobaki mezani ni moshi na watu waliolala kifudifudi. Karibu kila jibu linalofuata limetokana na hilo.

Sasa modeli ya nini, kama haikai mezani?

Ya kuonyesha njia. Iweke ukingoni inakoingilia, chagua mstari mmoja ulionyooka unaopita juu ya shabaha, isogeze juu ya mstari huo hadi ukingo wa pili. Silaha za kutungulia ndege zilizo karibu na mstari hupata nafasi ya kufyatua, kisha ndege inashambulia, kisha inarudi kwenye kisanduku chake. Mchezaji akitaka kupita mara ya pili, na apite zamu inayofuata, akijua kwamba sasa walio chini wameamka.

Mstari ulionyooka una faida ambayo wengi hawaioni mpaka wacheze. Unamlazimisha mwenye ndege kuchagua. Kupita kwa urefu wa barabara ni kuzuri kwa kupiga msafara, lakini huenda kukakupeleka juu ya mizinga miwili ya kutungua. Kukata barabara kwa upande ni salama zaidi, na unapata lori moja tu.

Ndege yangu haijawahi kuua kifaru hata kimoja. Kanuni zina kasoro?

Huenda ndizo kanuni nzuri kuliko zote ulizowahi kucheza.

Agosti 1944 Wajerumani walisukuma vifaru kupitia Mortain, Ufaransa, wakitaka kufika Avranches. Typhoon na P-47 ziliwashukia kutwa nzima, na marubani wakarudi na hesabu kubwa za vifaru walivyodai kuvimaliza. Baadaye watafiti wa jeshi la Uingereza walipita uwanjani kwa miguu, gari moja baada ya jingine, wakitazama tundu limetoka wapi. Vifaru vilivyouawa na ndege vilikuwa sehemu ndogo sana ya yale madai. Vingine vilipigwa na mizinga ya ardhini, na vingine vilikutwa vizima vimeachwa na wenyewe.

Sababu inaeleweka. Roketi ya Typhoon ilipiga kwa nguvu sana ikifika, ila kufika ndiyo shida. Katika jaribio moja Typhoon zilifyatua roketi 64 kwenye kifaru cha Panther kilichosimama uwanjani, kimepakwa rangi nyeupe, hakuna anayewafyatulia risasi. Zilizogonga ni tatu. Weka sasa vumbi, moshi, miti na mizinga inayojibu.

Lakini rudi kwenye vile vilivyokutwa vizima. Kuna mtu alifungua mfuniko, akaruka, akakimbilia mtaroni, na hakurudi. Hilo ndilo pigo lenyewe la ndege. Kanuni yako ilipe hapo: kila kikosi kilicho ndani ya sentimita 15 za shabaha kinabanwa au kinatupa dadu ya ari, hata kama hakuna aliyeguswa. Kifaru chenyewe kife kwa bahati tu. Mimi natumia hivi: roketi zote nane ni dadu moja, 6 pekee ndiyo inayogonga, kisha dadu ya pili kwa kupenya, na kifaru hupigwa juu au nyuma ambako chuma ni chembamba. Lori, mzinga wa kuvutwa na askari waliolundikana barabarani wasihurumiwe hivyo. Wao hufa kweli, na kwa wingi.

Silaha gani kwa shabaha gani?

Bunduki rashasha na mizinga ya milimita 20 ni za misafara, askari walio wazi na magari yasiyo na deraya. Hugonga kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote, maana rubani anaona vumbi la risasi zake na kulisogeza hadi kwenye shabaha. Bomu ni la nyumba, daraja na handaki, vitu visivyokimbia. Stuka ilikuwa na shabaha nzuri zaidi kwa kuwa ilishuka karibu wima, kwa hiyo bomu lake lipotoke kidogo: sentimita za dadu moja badala ya mbili. Roketi tumeshazisema.

Kuna mizinga mikubwa iliyoning'inizwa chini ya mabawa. Hurricane IID ilibeba miwili ya milimita 40 ikawinda vifaru Afrika Kaskazini mwaka 1942. Ju 87G ilibeba miwili ya milimita 37, kila mmoja na risasi 12 tu. Wachezaji huipenda mno Ju 87G. Mpe mwenzako, lakini mkumbushe kwamba ilikuwa nzito na ya polepole, na mpiga mzinga wa kutungua yeyote anaipata kwa nyongeza ya moja kwenye dadu.

Wasovieti walichukua njia nyingine. Huko Kursk, Julai 1943, Il-2 zilimwaga vibomu vidogo vya PTAB vya kupenya chuma, vingi kwa mkupuo, badala ya kulenga kwa bomu moja kubwa. Mezani, tumia kipande cha kadi cha sentimita 5 kwa 20 kilichowekwa sambamba na njia ya ndege. Kila kifaru kilichoguswa na kadi kinatupiwa dadu. Adui akishaonja hilo mara moja atajifunza kutawanya vifaru vyake, kama Wajerumani walivyolazimika kufanya.

Ndege ije zamu ya ngapi?

Isijulikane. Zamu ya kwanza hakuna kitu. Zamu ya pili inafika kwa 6, ya tatu kwa 5 au zaidi, ya nne kwa 4 au zaidi, na kuendelea hivyo. Ukipiga hesabu, uwezekano wa kuipata kufikia mwisho wa zamu ya nne ni asilimia 72 hivi. Kuitegemea sana ni ujinga, na kuipuuza pia ni ujinga. Hapo ndipo ninapopataka.

Wanaocheza mwaka 1940 waanze zamu moja baadaye. Askari wa Kijerumani hakuwa akiiita Stuka kama anayeita bodaboda. Mashambulizi mengi yalipangwa mapema dhidi ya mahali maalumu, kwa hiyo mtake mchezaji aandike shabaha kwenye karatasi kabla ya mchezo na asiibadilishe. Utacheka siku bomu litakapoangukia kijiji ambacho vikosi vyake mwenyewe vimeshakiteka.

Nani anaiita?

Hapa nchi zinatofautiana, na tofauti hiyo ina ladha kuliko tofauti ya ndege zenyewe. Wamarekani, Julai 1944 huko Normandy, walimpandisha rubani mwenye redio ya ndege ndani ya kifaru cha mbele cha safu. Mpango huo ulikuwa wa Jenerali Quesada, aliyeongoza ndege za Marekani za kusaidia vikosi vya ardhini pale, na P-47 nne zilikaa juu ya safu kwa zamu. Rubani aliye ndani ya kifaru anaongea lugha moja na aliye juu, wanaelewana. Mezani, mpe Mmarekani kifaru kimoja chenye alama ya redio: ndege iliyofika inaweza kupiga chochote kile kifaru kinachokiona. Kifaru kikifa, ndege inabaki kipofu. Angalia jinsi adui atakavyohangaika kukitafuta, na jinsi mwenyewe atakavyokificha nyuma ya ghala hadi kisione kitu.

Waingereza walikuwa na utaratibu wa ndege zinazongoja angani kama teksi kwenye foleni, na afisa chini anayezigawa. Kwa huo, ruhusu kutupa dadu ya kuwasili mara mbili kwa zamu na kuchagua iliyo bora.

Na ikipiga wenzetu?

Itapiga. Anayetaka mchezo ambao ndege haikosei mtu atafute mchezo mwingine.

Tarehe 25 Julai 1944, katika mabomu yaliyotangulia operesheni ya Cobra, shambulio la Wamarekani huko Normandy, Wamarekani 111 waliuawa na ndege zao wenyewe, akiwemo Luteni Jenerali Lesley McNair. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo, karibu na Falaise, ndege za Uingereza ziliwaangukia Wakanada na Wapolandi. Askari chini waliwasha moshi wa njano kujitambulisha, na alama za kuonyesha shabaha siku hiyo nazo zilikuwa za njano. Kadiri walivyojitambulisha ndivyo walivyozidi kupigwa. Zilikuwa ndege kubwa, si za aina tunayoizungumzia, lakini funzo la rangi linatuhusu.

Kanuni yangu: kama kuna kikosi cha rafiki ndani ya sentimita 30 za shabaha, tupa dadu kabla ya kushambulia. Ukipata 1, adui ndiye anayechagua shabaha, yoyote iliyo ndani ya zile sentimita 30. Ukiwa na moshi wa rangi au vitambaa vya kujitambulisha vilivyotandazwa juu ya magari, tupa tena mara moja. Lakini vitambaa hivyo vinaonekana na kila mtu, kwa hiyo mizinga ya adui inapata nyongeza dhidi ya gari hilo hadi mwisho wa mchezo. Wachezaji wengi wakishasikia hivyo hukunja vitambaa vyao.

Silaha za kutungulia ndege zina maana, au ni kupoteza pointi za kununulia vikosi?

Zina maana, ila si ile watu wanayoitarajia. Mzinga wa Bofors wa milimita 40 au ule wa Kijerumani wenye mitutu minne ya milimita 20 uliitungua ndege mara chache ukilinganisha na mara ulizomfanya rubani aachie bomu mapema, apige kona, au aamue kwamba lile lori la nyuma linatosha. Kwa hiyo gawa matokeo. Kila mzinga ulio karibu na njia ya ndege unatupa dadu mbili. Ikitoka 5, rubani ameyumba na shambulio linapunguziwa dadu moja. Ikitoka 6, tupa tena: 5 au 6 nyingine imeitungua, chini ya hapo inaacha shambulio na kurudi nyumbani ikitoa moshi.

Muhimu: mzinga ufyatue *kabla* ya ndege kushambulia. Nimeona vitabu vinavyoweka kinyume, na matokeo yake mzinga unalipiza kisasi kwa niaba ya watu waliokwisha kufa.

Askari wa kawaida wenye bunduki nao wapewe dadu moja kwa kikosi kizima, 6 ikimyumbisha rubani. Hawataangusha kitu, lakini mwenye kupigwa naye anataka kurusha dadu.

Je, naweza kuleta ndege ya kivita ya kukinga anga?

Usiilete mezani. Mpe adui dadu moja: 6, ndege yako imekutana na wenye wivu huko njiani na haifiki. Yatosha.

Skeli ya ndege ilingane na ya vifaru?

Si lazima, na mara nyingi ni afadhali isilingane. Il-2 ina upana wa mabawa wa mita 14.6. Kwa 1/100 ni karibu sentimita 15, inafaa. Kwa 1/56, ambayo ndiyo skeli ya vinyago vya askari vyenye kimo cha milimita 28, ni sentimita 26, na ikipita juu ya kijiji chako inafunika kijiji. A-10, ndege ya kisasa ya Marekani ya kushambulia ardhini yenye upana wa mita 17.5, ingefika sentimita 31. Wenye vinyago vikubwa wengi hutumia ndege za 1/72, kwa kuwa kitu kilicho juu huonekana kidogo na jicho linakubali. Wenye vinyago vya milimita 15 wanaweza kushuka hadi 1/144 bila mtu kulalamika. Kupanda juu, ndege kubwa kuliko vifaru vyake, ndiko kunakochekesha.

Stendi ya aina gani haiangushi kila kitu?

Kitako kizito na fimbo nyembamba. Diski ya chuma au sarafu kubwa chini, fimbo ya plastiki angavu ya sentimita 20 hadi 25, na sumaku ndogo tumboni mwa ndege ili uweze kuiinamisha inapopiga mbizi na kuivua ukiihifadhi. Fimbo ndefu kuliko hapo ni tamaa. Niliwahi kutengeneza ya sentimita 40, ilipendeza sana kwenye picha, kisha kiko changu kikaigusa. Stuka ilishuka wima kama ilivyopaswa, ikavunja propela yake, bawa la kushoto na mnara wa kanisa uliochukua wiki mbili kupakwa rangi. Tangu siku hiyo propela zangu ni duara la plastiki angavu. Kwanza zinafanana zaidi na propela inayozunguka.

Pointi ngapi?

Kidogo chini ya kifaru cha wastani, kama umefuata kanuni za hapa. Ikiwa kitabu chenu kinaipa ndege uwezo wa kuua kila zamu, bei ipande, au bora mpunguze uwezo wenyewe.

Tunacheza vita vya kisasa. Yote haya yanabadilika?

Nusu yake. A-10 ina mzinga wa mitutu saba wa milimita 30 unaochukua risasi 1,174, na kwa kasi yake ya risasi 3,900 kwa dakika zinaisha ndani ya sekunde 18 hivi. Kwa hiyo rubani hupiga kwa sekunde moja au mbili, kisha anainuka. Hapo vifaru vinakufa zaidi kuliko 1944, na makombora ya kuongozwa huua kutoka mbali zaidi. Gonga kwa 4 badala ya 6, na ndege inayofyatua kombora isihitaji kuvuka meza.

Ila na walio chini wamesoma. Vita vya Oktoba 1973, kati ya Israeli na Misri na Syria, vilionyesha mtego wake: makombora ya SA-6 ya kutungulia ndege yaliwalazimisha marubani wa Israeli kushuka chini, na huko chini kulikuwa na ZSU-23-4, mitutu minne ya milimita 23 inayoongozwa kwa rada. Ukiwa na vyote viwili mezani, mwenye ndege aseme mapema anaingia juu au chini, kisha ajute kwa chaguo lake. Kombora la begani, kama Strela-2, lifyatuliwe baada ya ndege kupita, maana la aina hiyo hufuata joto la bomba la nyuma la injini. Hii ndiyo hali pekee ninayokubali kulipiza kisasi baada ya shambulio.

Usiku je?

Mchana ndio wake, lakini usiku una raha yake pia. Wasichana wa Kisovieti wa kikosi cha 588 waliruka na Po-2, ndege ya mbao na turubai ya mabawa mawili juu na chini, wakidondosha mabomu madogo usiku kucha ili adui asilale. Usiiweke ndege yenyewe. Kabla ya mchezo, mpinzani atupe dadu kwa kila kikosi chake, na kila kinachopata 1 kianze mchezo kikiwa na alama moja ya kuchoka.

Sina modeli ya ndege. Naweza kucheza?

Kata umbo la ndege kwenye karatasi nyeusi. Hicho ni kivuli. Kitelezeshe juu ya mashamba na mapaa kando ya ule mstari ulionyooka, bila fimbo, bila kuangusha kinyago hata kimoja, na ukifika juu ya msafara kisimamishe hapo kidogo huku ukichukua dadu. Nina ndege kumi na moja zilizopakwa rangi kwenye sanduku, na siku hizi natumia kivuli.